Uvimbe, Mchochota na Picha ya Retina

Kiswahili ni tajiri wa majina ya jicho lionekanalo. Mboni, kope, chongo, makengeza, mtoto wa jicho, vikope: yote hayo ni majina ya mambo ambayo jirani huyaona akimtazama mwenziwe usoni. Hata trakoma, ambayo ndiyo vikope, hutambuliwa kwa kuipindua kope ya juu na kuitazama. Utaratibu mwepesi wa kuipanga uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1987 haudai zaidi ya miwani ya kukuzia na mwanga wa kutosha. Kilicho nyuma ya mboni hakikupata jina la kienyeji, kwa sababu hakikuonekana.

Wala huko kwingine hakikuonekana kwa muda mrefu. Neno retina lilitungwa kabla ya mtu yeyote kuiona retina ya aliye hai. Matabibu wa Kiyunani waliopasua maiti waliufananisha utando huo na wavu. Wafasiri wa Baghdad wa karne ya 9, ambao Hunayn ibn Ishaq ni mashuhuri wao, wakaupa jina litokanalo na shabaka. Na wale waliovitia vitabu vya Kiarabu katika Kilatini wakatumia neno la wavu vilevile. Uvea nayo ni zabibu, kwa safari hiyohiyo. Wafasiri miongoni mwa wasomaji wetu watafurahi kuona kwamba istilahi hizi zilipita mikononi mwa wenzao kabla ya kuwafikia madaktari wa leo.

Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz alichapisha habari za chombo chake cha kuchungulia ndani ya jicho. Mwaka 1886 Jackman na Webster walipiga picha ya retina ya mtu aliye hai. Mnamo 1961 Novotny na Alvis walieleza namna ya kutia rangi ya fluoresini katika mshipa wa mkono na kuipiga picha inapopita katika mishipa ya retina. Hapo ndipo picha ilipoanza kuwa shahidi wa ugonjwa tunaouzungumzia, kwani mishipa iliyoathirika huvuja, na rangi ivujayo huonekana. Mwaka 1991 ikaja njia ya kuzipima tabaka za retina kwa mwanga, ambayo huonyesha unene wake kwa sehemu za elfu za milimita.

Ugumu wa istilahi umo katika taarifa ya picha hizo. Daktari aweza kuandika mambo mawili: kwamba uvea imeshambuliwa, na kwamba kwa ajili hiyo katikati ya retina pamejaa maji. La kwanza ni chanzo, la pili ni tokeo. Mara nyingine lipo moja bila jingine. Matumizi yaliyozoeleka huyaita yote mawili uvimbe, na neno hilohilo hutumika pia kwa kinundu cha saratani.

Tuchukue Gendabi, upande wa Hanang na Mbulu, ambako wengi huanza maisha kwa Kiiraqw au Kidatooga na kukipata Kiswahili shuleni na sokoni. Mgonjwa wa huko aweza kupelekwa Haydom, ambako hospitali ya Kilutheri ilifunguliwa mwaka 1955, au mbali zaidi, KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Akiambiwa kwamba jicho lake lina uvimbe, atajipapasa kope. Asipokuta kitu, atadhani amepimwa vibaya, au ataogopa saratani. Na ugonjwa wa sehemu ya nyuma ya uvea mara nyingi hauumi wala haulifanyi jicho kuwa jekundu: huleta ukungu na vidoa vinavyoelea tu. Asiyerudi kutibiwa aweza kupofuka.

Kwa hiyo twapendelea mchochota kwa chanzo, na uvimbe wa maji kwa tokeo. Wapo walipingao neno mchochota kwa kuwa masikioni mwao linaashiria maumivu. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini Kilatini nacho kiliita hali hiyo kuwaka moto, na hakuna daktari atafutaye moshi. Retina na uvea tungeziacha kama zilivyo. Kiwambo kina kazi nyingine tayari, na zabibu ingechekesha wodini.

Tahadhari moja kwa wafasiri: picha peke yake mara nyingi haitaji kisababishi, ambacho chaweza kuwa kifua kikuu, kaswende au toksoplasma, na hapo vipimo vya damu huhitajika. Taarifa isemapo kwamba picha yaashiria, isifasiriwe kwamba imethibitisha.

Taarifa yenyewe basi ingesomeka hivi: "Uvea ya jicho la kushoto ina mchochota, katikati ya retina pana uvimbe wa maji." Na mganga amwambie mgonjwa: "Ndani ya jicho lako, mahali usipoweza kupaona wala kupagusa, pana ugonjwa. Hauumi, lakini unakula nuru yako. Rudi siku tuliyokuandikia."