Kuukulia

Kwenye ushuhuda wa kanisani neno kubwa ni "nimeokoka". Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulilisambaza hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, na bibi yangu aliitaja tarehe yake ya kuokoka kama siku ya kuzaliwa. Ile -me- husema jambo limekwisha kuwa.

Mimi nakipenda zaidi kitenzi kilichomo katika Biblia ya Muungano, Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 2: kuukulia wokovu. Ni kua, kikaongezwa -li- ya kutendea. Tunasema "amekulia Tanga", sawa, lakini hapa kuna -u- ya yambwa, na maana inageuka. Mama akimnunulia mtoto sare ya shule, mikono ikafunika vidole, pindo likakunjwa inchi mbili ndani, mtoto akinung'unika huambiwa: "Utaikulia." Sare ni yake tangu siku ya kwanza, na imelipiwa yote. Mwili ndio bado.

Bibi alikuwa amevuka miaka 80, na kila alfajiri nilimkuta na miwani na penseli, akipigia mstari aya alizokwisha kuzipigia mstari zamani.