Nani Alibaki na Mtoto?

Ukipita Langata Road asubuhi, kabla matatu hazijashikana vizuri, utaona ndege ndogo zikipaa kutoka Wilson moja baada ya nyingine. Wengi wetu tunajua tu kwamba Wilson ni jina la mzungu fulani, na tukilisikia tunafikiria mwanaume. Kumbe ni mama. Florence Kerr Wilson alikuwa mjane alipoanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929, akishirikiana na rubani Tom Campbell Black. Walibeba barua na abiria miaka kumi hivi, mpaka vita vikaja na serikali ikachukua ndege. Uwanja ulipewa jina lake mwaka 1962.

Lakini leo namtaka mwanamke mwingine wa uwanja huohuo. Februari 1929, kule London, Beryl Markham alijifungua mtoto wa kiume, Gervase. Beryl mwenyewe aliletwa Kenya akiwa mdogo sana, akakulia Njoro kwenye shamba la babake. Mamake hakuivumilia nchi. Alirudi Uingereza na kaka yake Beryl, yeye akaachwa na baba, farasi na watoto wa Kipsigis aliocheza nao. Kabla hajafika miaka ishirini alikuwa tayari anafunza farasi wa mashindano. Ndoa ya pili, iliyomzalia Gervase, haikudumu. Miaka ya thelathini ilipoanza alikuwa amerudi Kenya bila mtoto. Gervase alilelewa Uingereza na bibi yake mzaa baba.

Campbell Black ndiye aliyemfundisha Beryl kuruka. Mwaka 1933 akapata leseni ya rubani wa kulipwa, mwanamke wa kwanza kuipata humu nchini. Sasa kazi iko wapi? Hakuwa na mwajiri wa mshahara wa kila mwezi. Alikuwa kibarua kama mimi, ila kibarua chake kilikuwa angani. Alibeba barua na mizigo hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Kakamega. Usiku mmoja alipeleka mtungi wa oksijeni Nungwe, Tanganyika, kwa mchimba dhahabu aliyekuwa mahututi. Aliwatafutia matajiri ndovu. Unaruka juu ya vichaka vya Ukambani hadi uone kundi, unaandika kwenye karatasi liko wapi na lina madume mangapi, unaifunga kwenye mfuko mdogo na kuudondosha kambini. Redio hakuna. Injini ikizima, unatua popote ardhi itakapokukubali.

Hiyo kazi ya ndovu ilikuwa imemvutia Denys Finch Hatton kabla yake. Tarehe 14 Mei 1931 ndege yake ilianguka Voi muda mfupi baada ya kupaa. Beryl alisimulia baadaye kwamba karibu aende naye, Campbell Black akamzuia. Finch Hatton alizikwa Ngong, na watalii hadi leo hupanda kuliona kaburi. Kwenye ndege ile kulikuwa na mtu wa pili, mtumishi wake Mkikuyu. Vitabu vingi vinamtaja kwa jina moja tu, Kamau, halafu vinaendelea na mambo ya wapenzi wa Finch Hatton. Kama Kamau alikuwa na mke, au watoto waliokuwa wakingoja sukari na mafuta ya taa, hadithi haikuona haja ya kuuliza.

Septemba 1936 Beryl alipaa Abingdon, Uingereza, peke yake, akavuka Atlantiki kuelekea magharibi. Baada ya saa kama 21 barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi la mafuta. Injini ikafa, akaangukia kwenye matope ya Cape Breton, Kanada. Alitoka na jeraha la kichwa tu na umaarufu wa dunia nzima. Gervase alikuwa na miaka saba.

Mwaka 1942 akatoa kitabu, West with the Night. Ni kitabu kitamu, sikatai, ingawa watu wanabishana hadi leo kama alikiandika mwenyewe au mumewe wa tatu alisaidia. Humo kuna Njoro, kuna mbwa wake, kuna farasi kwa majina yao, kuna arap Ruta, rafiki wa utotoni aliyekuja kumfanyia kazi. Waume hawamo. Gervase hayumo.

Simhukumu kwa kumwacha mtoto. Marubani wa kiume wa enzi ile waliacha watoto kila kona ya dunia, na hakuna aliyewahoji. Kinachonisumbua ni ule ukimya, kwa sababu unafanya kuruka kuonekane hakugharimu kitu nyumbani. Kulikuwa na bibi mwenye uwezo na watu wa kumsaidia kulea. Waandishi wa maisha ya Beryl wanasema pia kulikuwa na posho ya kila mwaka kutoka kwa Prince Henry, mwana wa mfalme wa Uingereza. Ukiwa na hayo, unaweza kukubali kazi yoyote, popote, hata kesho asubuhi.

Nilianza kusoma haya yote kwa sababu ya dadangu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikanishinda. Yeye familia iliuzia ploti, harambee ikamalizia, akapata leseni akiwa na saa 230 za kuruka na mtoto wa miaka mitatu. Leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, inadai saa 1,500. Hilo pengo katikati ndilo linaamua maisha ya rubani mchanga, na Wilson imeishi kwa kulijaza. Kuanzia 1989, misaada ya Sudan ilipopitia Lokichoggio, vijana walihamia huko kutafuta saa. Wengine walibeba miraa hadi Somalia, biashara iliyosimama Machi 2020 na kurudi Julai 2022. Mei 2020, ndege ya Kenya iliyobeba misaada ilitunguliwa Bardale, Somalia, watu sita wakafa.

Dadangu alikuwa na ofa mbili. Ya kwanza, rubani msaidizi wa ndege ya mizigo, wiki sita Somalia, wiki mbili nyumbani. Ya pili, kufundisha wanafunzi hapa Wilson, jioni yuko nyumbani, mshahara wa kulia, na kwanza asomee cheti cha ualimu kwa pesa zingine. Akapiga hesabu nyuma ya risiti ya supamaketi. Kwa mizigo, saa themanini kwa mwezi: mwaka mmoja na miezi minne. Kwa kufundisha, saa arobaini kwa mwezi wateja wakiwepo: karibu miaka mitatu.

"Nenda, mama," mamangu akamwambia. "Mtoto nitakaa naye. Lakini usinidanganye ati ni ya miezi miwili."

"Mum, sijasema naenda."

"Nakwambia tu. Kibanda nitafunga."

Hapo ndipo meza ilinyamaza. Mamangu ana kibanda cha nguo za watoto soko la Thika, mwaka wa kumi na moja huu, na wateja wanaomjua kwa jina. Hakuna mtu alikuwa amekiweka kwenye ile risiti. Shemeji yangu, mwalimu wa sekondari ya bweni kule Kitui, akakohoa, akasema labda angeomba uhamisho. Sote tunajua uhamisho wa mwalimu unavyokwenda.

Walibishana wiki nzima. Babangu alitaka Somalia, kwa sababu ploti iliyouzwa ilikuwa ya babake. Sikumlaumu. Mwishowe dada alichagua kufundisha, na babangu hakumsemesha hadi Pasaka.

Mwanafunzi wenzake aliyeichukua ile ofa nyingine tayari ana zaidi ya saa 900. Dada ana 412. Wiki ijayo mwanafunzi wake wa kwanza ataruka peke yake, upepo ukikubali.