Uzunguni

Dodoma na Arusha ukiulizia Uzunguni utaonyeshwa njia, wala hakuna atakayecheka. Dar es Salaam ilikuwa na safu nzima: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kanuni za ujenzi za wakoloni zilijifanya hazioni rangi, zikagawa mji kwa aina ya nyumba. Penye majumba ya Kizungu, nyumba ya miti na udongo ilikuwa marufuku. Makuti yakaishia Kariakoo, Uswahilini. Katikati pakaachwa uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja.

Uhuru ukaja, na mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mengi yalikuwa ya Wahindi, na si wachache waliofunga virago. Wapangaji wakaanza kulipa kodi kwa Msajili wa Majumba. Dhuluma ya zamani ilijibiwa kwa kitu ambacho, kwa aliyejenga kwa jasho lake, kilikuwa dhuluma nyingine. Na Oysterbay, iliyokuwa ya Wazungu? Viwanja vipana, mifereji na upepo wa bahari vilibaki palepale, wakahamia vigogo.

Vijana wa Dar siku hizi husema ushuani, na mtoto wa kishua anaweza kuwa wa rangi yoyote. Neno limejivua ngozi, tofauti imebaki. Uswahilini, kwa upande wake, limefupishwa tu kuwa uswazi. Limegeuka hata tusi: “Acha mambo ya uswahilini!” Na anayelitamka, mara nyingi, kazaliwa Manzese.