Kutoka Mwenye Mji hadi Mwenyekiti: African Association na Maendeleo ya Mji wa Dar es Salaam, 1929–1954

Utangulizi

Mwanzoni mwa mwaka 1930 Dar es Salaam ilikuwa na asasi mbili changa ambazo wanafunzi wa Kiswahili aghalabu huzisoma mbalimbali. Ya kwanza ni Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari mwaka huo, Frederick Johnson akiwa katibu wake. Jukumu lake lilikuwa kusanifisha tahajia, msamiati na vitabu vya shule kwa msingi wa Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Ya pili ni African Association, chama kilichoundwa mwaka 1929 na makarani, walimu na wafanyabiashara wachache wa mjini. Ya kwanza hutajwa katika kila historia ya Kiswahili Sanifu. Ya pili hutajwa katika historia ya siasa, tena mara nyingi kama dibaji ya TANU.

Mhadhara huu unaziweka asasi hizo pamoja. Hoja yake ni kwamba Kamati iliipa lugha sura ya maandishi, lakini matumizi yake kama lugha ya kuamulia mambo ya mji yalikuzwa katika vyama vya wenyeji wenyewe. Kwa miaka ya mwanzo Kamati haikuwa na wajumbe Waafrika. Chama nacho hakikuwa na mamlaka yoyote juu ya sarufi. Kilichokuwa nacho ni nyumba, mkutano, na swali moja gumu: nani ana haki ya kuusemea mji?

Mji uliogawanywa

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Wajerumani waliifanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Waingereza walipoitwaa mwaka 1916 waliukuta mji ambao mgawanyiko wake ulikwisha kuanza, nao katika miaka ya 1920 wakauimarisha kwa kanuni za ujenzi. Kanuni hizo hazikutaja rangi ya mtu waziwazi. Zilitaja aina ya nyumba. Lakini nyumba ya mawe yenye bustani, duka lenye ghorofa, na nyumba ya miti na udongo zilijulikana ni za nani. Wakazi waliyaita maeneo hayo kwa majina yasiyohitaji ufafanuzi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi katikati, ukiitenga Kariakoo na sehemu nyingine za mji. Jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Barabara, mifereji na taa zilifuata ramani hiyo. Aliyeishi Uswahilini alilipa kodi kama mkazi wa mji, lakini mji rasmi ulikomea kabla ya kufika mlangoni pake. Wakati huohuo watu walizidi kuongezeka. Mwaka 1921 Dar es Salaam ilikuwa na wakazi wapatao 25,000. Mwaka 1948 walikaribia 70,000.

Katika miji ya mwambao wa zamani, swali la nani anausemea mji lilikuwa na jibu lake: wenye mji. Hao walikuwa watu wa koo zilizotambuliwa kuwa za asili, na wengine wote waliitwa watu wa kuja. Dar es Salaam nayo ilikuwa na Washomvi na Wazaramo waliokuwa na haki ya kudai wenyeji. Lakini Kariakoo ilijaa Wamanyema, Wanyamwezi, Wayao, Wangoni, Wanubi na wengineo, wengi wao wakiwa wamezaliwa papo hapo mjini. Serikali ya kikoloni iliwaongoza kwa liwali na maakida, na mamlaka ya mji yalikuwa ya watu walioteuliwa nayo. Hivyo jibu la zamani halikutosha tena, na jibu jipya lilikuwa halijapatikana.

Chama kabla ya chama

Neno chama halikubuniwa na makarani. Kabla yao lilitumika kwa vikundi vya ngoma, na hasa vya beni, ambavyo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeenea kutoka mwambao hadi bara. Marini na Arinoti hazikuwa mashindano ya mavazi na gwaride tu. Mwanachama alitoa mchango, akazikwa na wenzake alipofariki, akapokewa na tawi la chama chake alipohamia mji mwingine. Humo watu wasio wa ukoo mmoja walijifunza kutunza fedha ya pamoja na kugawana kazi. Lakini vyeo vya beni viliiga ufalme na jeshi la Wazungu: palikuwa na wafalme na majenerali.

Chama cha namna nyingine kilianza Tanga mwaka 1922. Martin Kayamba, karani wa serikali aliyesomea Kiungani, Zanzibar, aliongoza kuundwa kwa chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Kiliwakutanisha Waislamu na Wakristo, kikawa na mahali pa kusomea magazeti na timu ya mpira. Mipaka yake ilikuwa wazi: kilikuwa cha wenye ajira serikalini. Mchukuzi wa bandarini na muuza samaki hawakuhusika.

Nyumba ya New Street

African Association ilijaribu kuupanua mlango huo. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu, Myao na Mkristo. Katibu wake alikuwa Kleist Sykes, Mwislamu aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, mtoto wa askari Mzulu aliyeletwa na jeshi la Wajerumani. Kwa kumbukumbu za Sykes mwenyewe, wazo la chama lilichochewa na mazungumzo yake na Dk. Aggrey, mwalimu kutoka Gold Coast aliyepita Afrika Mashariki na tume ya elimu mwaka 1924. Kwa kipimo cha wenye mji, wote wawili walikuwa watu wa kuja. Ndiyo maana jina la chama lina uzito. Halikutaja kabila, dini, kazi wala cheo. Lilitaja Uafrika peke yake.

Kazi yao kubwa ya kwanza ilikuwa kujenga nyumba katika mtaa wa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Ilijengwa kwa michango ya wanachama na kazi ya kujitolea. Kwa macho ya mhandisi lilikuwa jengo dogo. Kwa watu wa Kariakoo lilikuwa ukumbi wa mkutano usio wa serikali, msikiti, kanisa wala ngoma. Barua zilizokwenda serikalini ziliweza kuandikwa kwa Kiingereza, na jina rasmi la chama lenyewe lilikuwa la Kiingereza. Ukumbini hali ilikuwa nyingine. Myao, Mmanyema, Mzaramo na mjukuu wa Mzulu walikuwa na lugha moja tu ya kubishania.

Hapo ndipo msamiati wa mkutano unapostahili kuchunguzwa. Katibu, ada na hazina ni maneno ya asili ya Kiarabu yaliyozoeleka mwambao. Mkutano na mjumbe ni ya Kibantu. La kufikirisha zaidi ni mwenyekiti, lililoundwa kwa neno lilelile mwenye linalosikika katika mwenye mji. Lakini maana ya umiliki imegeuka. Mwenye mji huzaliwa, mwenyekiti huchaguliwa. Wa kwanza hurithi mji, wa pili huazimwa kiti, na kiti hicho siku ya uchaguzi hurudi kwa wanachama. Kuwa mtu wa kuja si kizuizi tena.

Isidhaniwe kwamba ukumbi huo ulikuwa na amani daima. Mwaka 1933 Sykes na wenzake walianzisha Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, iliyoshughulikia elimu ya watoto wa Kiislamu. Mwaka 1934 Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda, aliongoza chama cha kutetea biashara na ustawi wa Waafrika kwa kuona kwamba makarani hawakuwajali wenye maduka na vibarua. Mwaka 1937 alianzisha gazeti la Kwetu. Jina hilo lilitosha kuwa hoja: mtu aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa aliuita mji huu kwetu. Mwaka uliofuata ukaundwa Wazaramo Union, na madai ya wenyeji wa asili yakarudi kwa sura ya chama cha kisasa. Mivutano hiyo huhesabiwa kuwa udhaifu. Ila inaonyesha pia kwamba mtu aliyeshindwa katika chama kimoja alijua namna ya kuunda kingine.

Waliokuwa nje ya ukumbi

Udhaifu halisi ulikuwa mahali pengine. Ukumbi wa New Street ulikuwa wa wanaume. Wanawake wa Kariakoo na Ilala walikuwa na vyama vyao vya lelemama, vyenye viongozi, michango na wajibu wa kusaidiana katika harusi na misiba. Makarani waliviona ni ngoma tu. Kosa hilo lilidhihirika kuanzia 1955, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba, alipoviendea vyama hivyo na kuwaingiza wanawake katika TANU kwa wingi ambao wasomi hawakuutazamia. Lugha ya chama ilikuwa tayari midomoni mwao. Hawakuwa wamealikwa tu.

Kutoka mji hadi taifa

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia matatizo ya mji yalizidi kufungamana na ya nchi. Mwaka 1948 chama kilichukua jina la Tanganyika African Association. Mwaka 1950 kilikuwa chini ya Dk. Vedasto Kyaruzi, na Abdulwahid Sykes, mwana wa Kleist, akiwa katibu. Sasa madai yaligusa katiba ya nchi nzima. Mwaka 1953 Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wake, na tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ileile ya New Street, TANU ikazaliwa.

Ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Chama kilipopata nchi, neno chama lilianza kutamkwa kana kwamba kipo kimoja tu. Na kuanzia 1965 hadi 1992 sheria ilitamka hivyo. Kuanzia 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, zikarejeshwa mijini mwaka 1978 baada ya huduma kuzorota. Kwa miaka hiyo swali la Kariakoo ya 1929 lilirudi, safari hii chini ya bendera ya wananchi wenyewe.

Hitimisho

African Association, TAA na TANU vilikuwa na majina ya Kiingereza, ijapokuwa maisha yao yalikuwa ya Kiswahili. Tarehe 5 Februari 1977, TANU na Afro-Shirazi vilipoungana, ndipo neno la wacheza beni na makarani lilipoandikwa mwanzo wa jina rasmi: Chama Cha Mapinduzi. Ofisi yake ndogo ya Dar es Salaam ipo Mtaa wa Lumumba, mahali palipokuwa na nyumba ya michango.

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kujua jinsi lugha hii ilivyokuwa ya taifa hana budi kusoma kumbukumbu za Kamati. Lakini asiishie hapo. Avitafute pia vitabu vya mihtasari ya vyama vya mitaa, vya mazishi, vya mpira na vya lelemama, popote vilipobakia, kabla havijaliwa na mchwa. Humo ndimo watu wa kuja walimojifunza kusema mji ni wetu, na kumdai mwenyekiti hesabu.