Kishoka cha Kibaha na mavi ya chuma ya Limbo

Msikilizaji, juma hili nazungumzia kishoka. Wapo watakaosema nimeishiwa na la kusema. Lakini kishoka ni miongoni mwa bidhaa za kwanza kabisa kutajwa katika maandishi yanayohusu pwani yetu, na nina ugomvi kidogo na namna habari hiyo inavyosimuliwa.

Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mtu mmoja aliyeandika kwa Kigiriki, ambaye inaaminika alikuwa mfanyabiashara wa Misri, alitunga kitabu cha kuwaongoza mabaharia wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Kitabu hicho hujulikana kwa jina la Periplus. Alipoieleza pwani yetu, aliyoiita Azania, na soko lake la mwisho, Rhapta, aliorodhesha vitu vilivyoletwa na majahazi: mikuki iliyofuliwa Muza, bandari ya Yemen, makusudi kwa ajili ya soko la huku, kisha vishoka, visu, vyuma vidogo vya kutobolea, na vitu vya kioo vya namna nyingi. Kilichorudi ni pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa.

Watu wengi wakisoma orodha hiyo hufunga kitabu na kutoa hukumu: kumbe hata shoka tuliletewa! Nimeisikia hukumu hiyo kwa watu waliosoma kunishinda. Mimi nasema wameharakisha. Mtu wa Dar es Salaam anayenunua mchele wa Pakistani hatuambii kwamba Mbeya hawalimi mpunga.

Ushahidi uko ardhini. Kusini mwa Dar es Salaam, nyuma ya pwani, katika sehemu ambayo zamani ilikuwa ya Wilaya ya Kisarawe kabla Mkuranga haijawa wilaya yake yenyewe, kuna mahali panapoitwa Limbo. Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipachimba na kuchapisha habari zake mwaka 1992. Alikuta mavi ya chuma kwa wingi, yaani yale makapi mazito yanayobaki jiwe la chuma linapoyeyushwa, pamoja na vipande vya mirija ya udongo iliyopitishia upepo wa mivukuto. Umri wake ni karne zile za mwanzo baada ya Kristo. Kwa maneno mengine, karibu na zama ambazo mwandishi wa Periplus anatuambia vishoka vinashushwa pwani, wahunzi wa bara fupi walikuwa na tanuri zao zinawaka. Chami mwenyewe ni miongoni mwa wanaoamini kwamba Rhapta ilikuwa upande wa delta ya Rufiji. Kama ni hivyo, tanuri na soko havikuwa mbali sana.

Hapa lazima nitenganishe kazi mbili ambazo wengi huzichanganya. Kuyeyusha ni kulitoa chuma ndani ya jiwe. Kufua ni kukipiga chuma ambacho tayari ni chuma mpaka kiwe jembe au shoka. Kazi ya kwanza imetutoka. Vyuma vya Ulaya vilipoingia kwa wingi na kwa bei nafuu, nani angekesha akilisha tanuri makaa kwa ajili ya bonge moja? Kule Ufipa tanuri ndefu za udongo zilibaki zimesimama bila moto. Kule Buhaya, mwaka 1976, wazee walioacha kazi hiyo miaka mingi nyuma waliombwa na watafiti wa Kimarekani, Peter Schmidt na Donald Avery, wajenge tanuri na kuliwasha tena. Wakalijenga kwa kumbukumbu, na chuma kikatoka. Watafiti wale waliandika mwaka 1978 kwamba mabaki ya kale ya eneo hilo yanaonyesha watu wake walipata chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita.

Kazi ya pili, kufua, ingali hai, na nilikwenda Kibaha kuitazama. Nyuma ya maduka ya Maili Moja nilimkuta mhunzi mmoja, fuawe lake ni kipande cha reli, mvukuto wake ni gurudumu la baiskeli linalozungusha feni. Nikamwomba anifulie kishoka kidogo, cha mkono mmoja, kwa namna ya zamani. Akachagua kipande cha springi ya lori. Kibaha ndiko kiwanda cha TAMCO kilikokuwa kikiunganisha malori ya Scania, kwa hiyo nilimuuliza kwa utani kama springi ile ni mzaliwa wa hapa. Akanijibu bila kuinua macho: “Kaka, chuma hakina kabila.”

Alikitia motoni mpaka kikawa na rangi ya chungwa bivu, akakipiga. Upande mmoja aliutanua ukawa makali. Upande wa pili aliuvuta ukawa mkia mwembamba uliochongoka. Hapo ndipo penye tofauti na shoka la kiwandani. Lile lina tundu, na mpini huingizwa ndani ya chuma. Hili la kwetu chuma ndicho huingia ndani ya mpini. Mpini alitumia mkole, mti usiokatika upesi, wenye kichwa kinene kama rungu. Akaupasha moto ule mkia na kuutobolea mti kwa kuuchoma, moshi ukatutoa machozi sote wawili.

Kisha kazi ambayo naiona ndiyo elimu yenyewe. Makali yakiwa mekundu aliyazamisha katika oili chafu ya injini, si maji, maana maji huweza kuipasua springi. Akayasugua kwa jiwe mpaka yakang'aa, akaacha joto lililobaki nyuma litambae kuelekea kwenye makali huku akitazama rangi. Ikaja njano ya majani makavu, halafu kahawia. Kahawia ilipofika ukingoni akazamisha tena. Angewahi, makali yangekuwa magumu na kumeguka kama kigae. Angechelewa, yangekuwa laini na kujikunja. Hana kipimo chochote cha joto. Ana macho.

Siku ya pili nikakipeleka Kisarawe, shambani kwa mzee mmoja jirani wa shemeji yangu. Shambani, nasema, si msituni, maana msitu wa Pugu-Kazimzumbwi ni hifadhi na sikwenda kutafuta kesi. Nilibeba pia shoka jipya la kiwandani nililonunua Kariakoo. Tulianza na tawi kavu la mwembe. Mashoka yote mawili yalilikata bila shida, na lile la Kariakoo, kwa uzito wake, lilitangulia. Tukaja kwenye kisiki cha mkorosho. Bado sawa. Mwisho mzee akaleta gogo la mpingo lililokauka miaka, na hapo maneno yakabadilika. Baada ya mapigo kama thelathini shoka la Kariakoo lilikuwa limejikunja makali sehemu mbili, na kichwa kimeanza kucheza kwenye mpini. Kishoka kilikuwa na pengo dogo kama punje ya mtama, basi. Mkia wake ulikuwa umezama zaidi ndani ya mkole, kwa sababu kila pigo linaukaza badala ya kuulegeza.

Haki isemwe: kwa kuangusha mti mkubwa ningechukua lile la kiwandani, maana kishoka ni chepesi mno na mkono huchoka kukiongezea nguvu. Tena shoka moja la dukani si mashoka yote.

Mzee alikigeuzageuza akitafuta chapa. Hakuona.

“Hiki umekitoa wapi, mwanangu?”

“Kibaha, mzee.”

“Kibaha hii hii? Kibaha sehemu gani?”

Nikamwelekeza: ashuke Maili Moja, apite nyuma ya maduka, asikilize nyundo.

“Na springi nibebe mwenyewe?” akauliza. Nikamwambia akiwa nayo aibebe.