Nasaba ya Matini: Uhamisho wa Kazi za Usimuliaji Upya kutoka Takhmisa ya Liyongo hadi Kanda za Lufufu

1.0 Utangulizi

Mashabiki wa riwaya na filamu wamekuwa wakitunga hadithi zao wenyewe kwa kutumia wahusika walioumbwa na wengine. Katika intaneti, hadithi nyingi za aina hiyo zilihifadhiwa kwanza katika tovuti ndogo zilizoendeshwa na mtu mmoja au wawili, na zilikuwa hatarini kupotea pale mwenye tovuti alipochoka au alipoacha kulipia seva. Kufungwa kwa GeoCities mwezi Oktoba 2009 kulidhihirisha ukubwa wa hatari hiyo. Mwezi uliofuata, Organization for Transformative Works, shirika lililoanzishwa mwaka 2007, lilifungua kwa umma hifadhi yake iitwayo Archive of Our Own. Kupitia mradi wake wa Open Doors, shirika hilo limekuwa likipokea hifadhi kongwe na kuzihamishia humo.

Suala la kuhamisha kazi zilizojengwa juu ya kazi za wengine si geni katika fasihi ya Kiswahili. Makala hii inadai kwamba katika uhamisho wa kazi za namna hiyo, kinachotangulia kupotea aghalabu si matini yenyewe bali nasaba yake: nani alitunga asilia, nani aliisimulia upya, na nani aliinakili.

2.0 Takhmisa na Mikono Iliyoihamisha

Mtunzi wa takhmisi huchukua mishororo miwili ya mshairi mwingine, akaitangulizia mitatu ya kwake, na kupata ubeti wa mishororo mitano. Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, ni mfano mashuhuri wa utunzi huo. Mishororo inayonasibishwa na Fumo Liyongo imehifadhiwa ndani ya kazi ya mtu aliyeipenda kiasi cha kuiendeleza. Hapa kazi ya pili haikuifuta ya kwanza, bali iliibeba.

Kubebwa huko kuliendelea kwa njia ya nakala. Mwaka 1870 Edward Steere aliichapisha takhmisa hiyo jijini London katika Swahili Tales, kitabu kilichokusanya masimulizi kutoka Unguja, mbali na visiwa vya Lamu na Pate. Mwaka 1913 Muhamadi Kijuma wa Lamu alikitungia utendi kisa cha Liyongo. Kijuma alikuwa pia mnakili, na aliwanakilia miswada wataalamu wa Ulaya, wakiwamo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Huko Mombasa, W. E. Taylor alizipata tungo za Muyaka bin Haji kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Hichens alizitoa kama diwani mwaka 1940, miaka 100 hivi baada ya kifo cha mshairi.

Katika mlolongo huu, majina hayakusafiri kwa usawa. Jina la mhariri liliwekwa kwenye jalada, huku la mwenyeji aliyekumbuka, aliyefafanua na aliyenakili likibaki katika dibaji au pambizoni mwa mswada. Pale mnakili alipotia jina lake na tarehe mwishoni mwa nakala, mtafiti wa leo anaweza kufuata njia yake. Pale alipokaa kimya, kilichobaki ni kulinganisha hati na lahaja kwa makisio.

3.0 Kutoka Kibandani hadi Kwenye Simu

Usimuliaji upya uliendelea jijini Dar es Salaam kwa vyombo vipya. Mwaka 1998 mchoraji Joshua Amandus Mtani alikisimulia kwa michoro na kwa Kiswahili kisa cha filamu ya James Cameron katika Mkasa wa Mapenzi ndani ya Titanic. Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, sauti yake ikiwekwa juu ya sauti ya filamu. Kazi yake ilizidi tafsiri: alieleza, alitania, alihukumu matendo ya wahusika na kuyapima kwa maisha ya hadhira yake. Kama mtunzi wa takhmisi, aliiacha asilia isikike na papo hapo akaiongezea yake.

Hadhira ya masimulizi hayo ilikutana katika vibanda vya video vya vitongoji kama Gongo la Mboto, mbele ya Ukonga kwenye barabara iendayo Pugu. Kutoka kanda za VHS, masimulizi yalihamia kwenye DVD, kisha kwenye memori kadi na flashi zinazojazwa katika vibanda vinavyoitwa laibrari za muvi, na hatimaye mtandaoni. Kila hatua iliwaongezea watazamaji na kuwapunguzia taarifa. Jalada la kanda liliweza kumtaja msimuliaji; faili linaweza kubeba jina la filamu peke yake, au hata namba tu. Tarehe ya usimulizi na mahali uliporekodiwa havionekani.

4.0 Masharti ya Uhamisho Mwema

Open Doors hujaribu kuwatafuta watunzi kabla na baada ya kuhamisha kazi zao. Mtunzi anaweza kuidai kazi, kuiondoa, au kuiacha isomwe bila jina lake. Hifadhi ya zamani hutambulishwa kama mkusanyo unaojitegemea, ili msomaji ajue kazi ilikotoka. Utaratibu huu unaitunza nasaba bila kumlazimisha mtunzi aliyebadili maisha yake aendelee kuandamwa na maandishi ya ujanani.

Kwa masimulizi ya filamu kuna kikwazo cha ziada. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi asilia haki ya kuruhusu tafsiri na urekebishaji. Kwa hiyo taasisi inaweza kusita kupokea kanda zilizotengenezwa bila ruhusa. Hata hivyo, kuhifadhi kwa ajili ya utafiti na kusambaza kwa ajili ya biashara ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kunaiacha historia ya sanaa hii mikononi mwa bahati.

Mfano wa nyumbani upo. Katalogi ya J. W. T. Allen ya mwaka 1970, iliyotokana na mkusanyo wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliorodhesha miswada pamoja na kanda za sauti. Sauti iliyorekodiwa ilikubaliwa kuwa matini inayostahili namba, maelezo na mahali pake.

5.0 Hitimisho

Takhmisa ya Liyongo ilivuka bahari na karne kwa sababu kila kizazi kilipata mtu wa kuinakili. Kanda za Lufufu nazo zina wanakili wengi; kinachokosekana ni ile desturi ya mnakili kuandika mwishoni jina na tarehe. Wanaozikumbuka kanda hizo, waliozikodisha na waliozitazama bado wapo vitongojini. Kuwauliza sasa ni kazi ya mtafiti mwenye daftari, kabla ya kuwa kazi ya makisio.