Ngazi ya Ifakara

Anayeshuka leo kutoka Kidatu kwenda Ifakara anateleza juu ya lami, milima ya Udzungwa ikiwa kuumeni, miwa ikimkabidhi kwa mpunga. Rudolf Geigy, mwanazuolojia kutoka Basel, alifika bondeni mwaka 1949 akiwinda papasi, mbung'o na mbu. Wamisionari Wakapuchini wa Uswisi walikuwa wameshaweka makazi hapo. Mwaka 1957 maabara yake ikasimama jirani na hospitali yao ya Mtakatifu Fransisko, na ndiyo iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara ya sasa.

Habari za wadudu zimeandikwa sana. Mimi nafuata nyayo za wanafunzi.

Tanganyika ilijitawala mwaka 1961 na, kwa hesabu inayorudiwa mara nyingi, madaktari wazalendo 12 tu. Mwaka huo huo mfuko wa misaada wa Basel ulifungua Ifakara kituo cha kufundisha watumishi wa afya wa vijijini. Katika miaka ya 1970 kikawa chuo cha matabibu, kisha kikakabidhiwa serikalini. Kungoja vijana waive kwanza sekondari ndipo waingie udaktari ingekuwa kuwaacha wagonjwa wa bonde, wa Mlimba na Malinyi, wafe wakisubiri. Ikabidi nchi ipokee waliopo.

Waliopo walikuwa hawa: mhitimu wa darasa la saba alisomea uganga wa vijijini, akapelekwa zahanati. Aliyemaliza kidato cha nne alisomea utabibu. Tabibu aliyekaa kazini miaka kadhaa aliweza kurudi darasani miaka miwili akatoka daktari msaidizi, yule ambaye wodini wote humwita AMO, mwenye ruhusa ya kushika kisu cha upasuaji. Ifakara ilifundisha hao pia.

Kilichonivutia zaidi ni ule mwendo wa kwenda na kurudi. Mtu aliingia chuoni na msingi mwembamba, akaenda kutibu homa, kuzalisha na kufunga vidonda, halafu akarudi akiwa na maswali yake mwenyewe. Mwalimu hakuhitaji kumshawishi kwa nini ajue figo inavyofanya kazi. Alishamwona mtu akivimba miguu mbele yake. Vyuo vingi vya leo humpima mwanafunzi mlangoni, vikaamua hapo hapo kama anafaa. Ngazi hii ilimpima akiwa njiani.

Wenye shahada hawakukosa la kusema. Wengine waliwaona madaktari wasaidizi kuwa madaktari nusu, na shaka hiyo ilistahili jibu la utafiti, si la hasira. Jibu lilikuja mwaka 2009. Godfrey Mbaruku, daktari aliyefanya kazi miaka mingi Kigoma kabla ya kuwa mtafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, pamoja na wenzake, walichunguza hospitali 14 za Kigoma na Mwanza, upasuaji wa uzazi zaidi ya 1,000. Zaidi ya asilimia 80 ulifanywa na madaktari wasaidizi. Walipolinganisha yaliyowapata mama na watoto, hawakuona tofauti ya maana kati yao na madaktari wa shahada.

Hata hivyo mafunzo ya AMO yalikuja kusitishwa. Tangu 2010 Ifakara ina chuo kikuu kishiriki cha Mtakatifu Fransisko kinachotoa shahada ya udaktari, na ni fahari ya bonde. Lakini anayeingia huko ni yule aliyefaulu vizuri kidato cha sita au stashahada ya utabibu. Kwa macho yangu, nchi iliinua dari na kung'oa vidato vya chini.

Mlango wa waliokosa msingi sasa uko kwingine: Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Ifakara, kimoja cha mtandao ulioanza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, vyuo hivi huwapokea wasichana waliokatizwa shule, wengi kwa ujauzito. Husoma sekondari kwa miaka miwili pamoja na ufundi, na watoto wao hulelewa hapo hapo chuoni.

Taasisi ya Afya Ifakara imefuatilia kaya za bonde tangu 1996: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Ningependa mtu awafuatilie wasichana hawa hivyo hivyo kwa miaka kumi, aandike wameishia wapi, na kama kilichowavusha hisabati kilikuwa mwalimu, mwenzao wa dawati, au mlezi aliyembeba mtoto siku ya mtihani.